Mmemfungia Mwenye Njaa Kabatini

Najua nimepotea, msinichape. Mitihani imeisha wiki iliyopita, nikalala siku mbili mfululizo kama mgonjwa, bumu lenyewe lilishakata zamani, na leo umeme wa hall umerudi saa kumi jioni. Kwa hiyo nina chaji, na nina hasira. Hasira zenyewe ni za kisanamu. Ndiyo, kisanamu cha kioo. Kaeni vizuri.

Jumapili nilienda Tabata na rumeti wangu. Hapa nitamwita Mama Hesabu, kwa sababu anasoma uhasibu na kwa sababu hata chumvi ya chumbani kwetu anaipima kwa kijiko (anajua mwenyewe, asikatae). Tulienda kumsalimia shangazi yake aliyerudi kutoka Austria. Miaka 11 alikuwa huko akifanya kazi za ndani kwa bibi mmoja mzee: kupika, kufua, kumwogesha, kumsomea saa ya dawa. Bibi akafariki, Shangazi akarudi nyumbani na mabegi mawili na goti linalouma.

Sasa pale sebuleni kuna kabati la vioo, mnalijua, kila nyumba ya Bongo inalo: bilauri za harusi ambazo hazijawahi kunywewa maji, chupa ya chai ya wageni, picha ya mahafali. Katikati ya hivyo vyote amesimama mtu wa kioo. Mweupe, anapitisha mwanga, anamelemeta mpaka unakunja macho. Nikauliza, "Shangazi, huyu nani?"

"Mmh, hata mimi sijui vizuri mwanangu. Wale walikuwa wanamwita Harlekin."

Soda nusura inipalie. Jamani, huyu mtu nimemsoma semista nzima! Nimemwota! Nilipata sapu kwa ajili yake mwaka wa pili! Na sasa nimemkuta Tabata, amefungiwa kabatini, ufunguo uko kwenye kanga ya mwenye nyumba.

Wale ambao hamsomi sanaa za maonyesho, ngoja niwaeleze huyu jamaa ni nani, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini nilikosa raha mpaka wali ukanishinda.

Kwa Kiitalia anaitwa Arlecchino, tamka Arlekino. Ametoka kwenye maigizo ya vichekesho ya Italia yanayoitwa commedia dell'arte. Tarehe 25 Februari 1545, katika mji wa Padova, wanaume wanane walikwenda kwa mwandishi wa mikataba wakaandikishana kuwa kampuni ya maigizo. Huo mkataba upo mpaka leo, na mimi ukiniuliza ni maandishi gani ya historia ya tamthilia ninayoyapenda zaidi nitakutajia huo kabla ya Shakespeare. Haumo neno hata moja kuhusu uzuri wala usanii. Mnajua yamo nini? Fedha zitawekwa kwenye sanduku la funguo tatu, kila ufunguo na mtu wake, ili asitoke mjanja akazibeba usiku. Watanunua farasi mmoja wa kubeba mizigo ya wote. Mwenzao akiugua atatunzwa kwa fedha za kampuni. Na marufuku kucheza karata wao kwa wao, ila kama wanashindania chakula. Soma tena hapo mwisho. Chakula ruksa! Hao ni watu wanaoijua njaa kwa jina lake la ukoo.

Sasa kwenye maigizo yao kulikuwa na mabwana na watumishi. Watumishi waliitwa zanni, na waliigizwa kama watu wa milima ya Bergamo waliokuwa wanateremka Venezia kutafuta vibarua vya kubeba mizigo. Kama wewe umewahi kushuka Ubungo na begi la rambo na namba ya simu ya mjomba asiyepokea, umeshamwelewa zanni. Arlecchino ni mmoja wao. Nguo yake ya viraka, hiyo ambayo leo inachorwa kama mapambo ya pembe nne za rangi rangi, ilianza kama viraka vya kweli. Mtu hana shati, anashonea shati juu ya shati lililokufa. Usoni ana kinyago cheusi cha ngozi, na angalieni kinyago hicho kilivyo: kinaishia juu ya mdomo. Nusu uso. Kwa nini? Kwa sababu mdomo ni lazima ubaki wazi. Mdomo ndo kazi yake. Anadanganya kwa huo, anadai mshahara kwa huo, na akibahatika, anakula kwa huo.

Msidhani pia alikuwa mpole. Mwigizaji wa kwanza anayejulikana kwa jina hili ni Tristano Martinelli, mtu wa Mantova. Mwaka 1601 huko Lyon alitoa kitabu alichomtunukia Mfalme Henri wa 4 wa Ufaransa. Kitabu chenyewe ni kichekesho: kurasa nyingi humo ni tupu kabisa, hazina kitu, na pale palipoandikwa anamwomba mfalme ampe mkufu wa dhahabu na medali. Fikiria umeajiriwa kumchekesha rais, halafu unamletea daftari jeupe na ankara. Baadaye, mwaka 1697, waigizaji wa Kiitalia walifukuzwa Paris na Mfalme Louis wa 14, na inaelezwa sababu ilikuwa tamthilia iliyoonekana kumsema Madame de Maintenon, mkewe. Hawakurudi mpaka 1716, mfalme akiwa kaburini. Mtu ambaye mfalme anamwogopa mpaka anafunga milango ya jumba la maigizo, huyo ndo mtu ninayemzungumzia.

Huyo ndo wamemsimamisha kabatini akimelemeta.

Haya, tuje kwa waliomtengeneza. Sitaki mseme nawaonea, kwa hiyo naanza na sifa zao. Kampuni ni Swarovski, ya Wattens, kule Tirol, Austria. Daniel Swarovski alizaliwa 1862 Bohemia, kwenye ukoo wa wakata vioo. Mwaka 1892 akapata hataza ya mashine ya umeme ya kukata kioo haraka na sawasawa kuliko mkono wa fundi, na 1895 akahamia Wattens ambako kulikuwa na maji ya kuzungusha mitambo, na pia umbali mzuri kutoka kwa washindani waliokuwa wanachungulia kazi yake. Vitu vyao vya kabatini vilianza 1976, wakati wa michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Innsbruck, na cha kwanza kilikuwa panya, aliyetengenezwa kwa kuunganisha vipande vya taa za kuning'inia. Huyo panya mimi simchukii hata kidogo. Ni utundu wa fundi aliyekuwa na mabaki mezani, na kila msanii anaijua hiyo raha.

(Kwa wale wa sayansi mtakaonirukia: najua, wanaiita kristali lakini ni kioo. Kristali ya kweli, kama chumvi, chembe zake zimejipanga mistari kama gwaride la Uhuru. Za kioo zimekaa hovyo hovyo kama foleni ya kantini. Kioo hiki kinametameta hivyo kwa sababu ya jinsi kilivyokatwa, na zamani kwa sababu ya risasi iliyochanganywa na mchanga, ambayo waliiondoa mwaka 2012.)

Shida yangu inaanza 1987, walipoanzisha chama cha wakusanyaji. Unalipa ada ya mwaka, unakuwa mwanachama, na kila mwaka kinatoka kisanamu kimoja ambacho wanachama tu ndio wanaruhusiwa kununua. Mwaka ukiisha, hakitengenezwi tena. Unapewa na cheti. Visanamu vilikuwa vinakwenda kwa mafungu ya mitatu mitatu: walianza na ndege, wakaja na wanyama wa baharini na watoto wao. Halafu 1999 akatoka Pierrot, 2000 Columbine, 2001 Harlequin. Wote watatu ni watu wa commedia dell'arte. Wote watatu, angalieni, ni watumishi! Hawakumchukua Pantalone, yule mzee tajiri bahili. Hawakumchukua daktari anayejifanya msomi. Wamechukua watumishi watatu wakawasafisha mpaka hawana jasho, hawana viraka, hawana njaa, wakawauza kwa watu wenye watumishi.

Na kuna jambo jingine nimeligundua usiku nikiwa napekua, nikamwamsha Mama Hesabu saa nane na yeye akanitukana. Kabla ya hao waigizaji, kulikuwa na fungu la Afrika. Ndiyo, sisi! 1993 hadi 1995. Mnataka kubahatisha alitoka nani? 1993 tembo. 1994 tandala. 1995 simba. Basi, imetosha, Afrika imekwisha. Kuanzia 1996 hadi 1998 wakaja farasi mwenye pembe moja, joka, na farasi mwenye mabawa, yaani wanyama ambao hata hawapo duniani. Ndipo 1999 akafika mtu, na mtu huyo katoka jukwaani Ulaya. 2002 hadi 2004 wakaendelea na watu, safari hii wacheza dansi. Mwaka 2009 Afrika tukaitwa tena, kumbe ni sokwe. Mi sisemi kuna mtu alikaa mezani akapanga kututukana. Nadhani hakuna aliyewaza kabisa, na hilo ndo linaloniuma. Kwenye kabati la dunia sisi ni mbuga.

Mama Hesabu akasema, "Sasa ungetaka wakuweke wewe ndani ya kioo? Si umekaa hapa unalia kwamba Harlekin kafungiwa?" Daah. Nikakosa jibu kwa dakika nzima. Bado sina jibu zuri, naliandika hapa ili mjue kuwa ananishindaga.

Turudi kwa mwenye njaa. Kusema ukweli, Swarovski hawakuwa wa kwanza kumgandisha. Karne ya 18 huko Meissen, Ujerumani, fundi Johann Joachim Kändler alimfinyanga Arlecchino wa kauri mara nyingi, na mnamo 1760 Franz Anton Bustelli alitengeneza watu 16 wa commedia kwa ajili ya kiwanda cha Nymphenburg karibu na München. Vilikuwa vya nini? Vya kupamba meza ya vitamutamu ya wakubwa. Kabla ya hapo mapambo hayo yalikuwa yanatengenezwa kwa sukari, kauri ikachukua nafasi. Sasa piga picha: mwigizaji wa njaa amewekwa katikati ya meza ya karamu, keki kushoto, matunda kulia, na mdomo wake hauli. Hata hivyo wale wa Bustelli nawasamehe. Nimeziangalia picha zao sana. Wamejipinda, kiuno huku, kichwa kule, kama vile umewafumania katikati ya uongo na sekunde ijayo watakimbia. Bustelli alikuwa amewaona watu wakicheza, nina hakika, au basi alikuwa na jicho ambalo mimi ningeliuza figo kulipata. Kauri imekaa kimya lakini hadithi inaendelea.

Kioo cha kukatwa hakiwezi hivyo, na hapa nazungumza kama mtu wa jukwaa. Kinachofanya kristali ing'ae ni pande nyingi zilizonyooka, kila upande unarusha mwanga wake. Jicho halikai sehemu moja. Ukimwangalia mtu wa kioo, huoni amefanya nini, unaona tu anang'aa. Mwigizaji yeyote wa mwaka wa kwanza atakwambia: ukitaka watazamaji wasielewe tukio, wamulike na tochi machoni. Kwa tembo haidhuru, maana tembo hadanganyi mtu. Kwa mtumishi ambaye maisha yake yote ni kitendo, umemuua.

Mnataka kuona kitendo? Tafuteni video za Ferruccio Soleri, bando si neno, jinyimeni chipsi siku moja. Tamthilia ni ya Carlo Goldoni, aliiandika 1745: mtumishi mmoja anajiajiri kwa mabwana wawili kwa siri, ili apate mishahara miwili na milo miwili. Mwongozaji Giorgio Strehler aliifufua Milano mwaka 1947, Piccolo Teatro ilipoanza, nchi ikiwa ndo inajikung'uta vumbi la vita na watazamaji wenyewe wakiijua njaa bila kufundishwa. Wa kwanza kucheza alikuwa Marcello Moretti, ambaye mwanzoni alikataa kinyago akajipaka rangi nyeusi tu usoni, mpaka fundi Amleto Sartori alipomtengenezea cha ngozi kilichomkaa. Moretti alifariki 1961, Soleri akarithi, akaendelea kuruka sarakasi jukwaani mpaka 2018, babu wa miaka zaidi ya 80!

Sasa kuna tukio la mabwana wote wawili kutaka chakula kwa wakati mmoja, huyu chumba cha huku, huyu cha kule. Arlecchino anapokea sahani jikoni, anakimbia, anageuka, anarusha bakuli, analidaka, sahani zinapita chini ya pua yake na hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Na kuna mahali anamwona nzi. Anamvizia. Anamkamata. Anamwangalia kwenye kiganja kama mtu anayesoma menyu ya hoteli kubwa. Halafu anamla. Ukumbi mzima unacheka mpaka unalia, na mimi niliyekuwa nimekunywa chai kavu siku hiyo nilicheka, halafu nikaacha kucheka, halafu nikawa sijui nafanya nini. Hicho ndo kitu chenyewe. Hakipo kwenye kioo. Kioo hakiwezi kula nzi.

Niliyasema yote haya pale Tabata, kwa mikono na miguu, mnanijua. Mama Hesabu akanisikiliza kama mkaguzi wa mahesabu halafu akanichoma: "Na vinyago vya Mwenge je? Vile vya Kimakonde vya mapiko si vilikuwa vya kuchezewa ngoma? Leo vimetundikwa ukutani kwa wazungu, na fundi anasomesha watoto. Mbona huko hujaandika?" Kweli, sijaandika. Kinyago cha lipiko kikining'inia hotelini nakipita kama kalenda. Lakini nikamwambia, angalau yule fundi wa Mwenge anachonga akijua kitu hicho kilichezwaje, na akikasirika kesho anaweza kuchonga kingine cha kukucheka wewe mnunuzi. Wamakonde wamewachonga wazungu wakiwa wamevaa kofia zao za jua, tena kwa dharau nzuri kabisa. Hilo jibu niliona limetosha. Yeye aliona halijatosha.

Basi ugomvi ukahamia kwenye fedha, na hapa ndipo nilipoelewa kisanamu kilifikaje.

Shangazi anatueleza, tena bila uchungu, kama anaeleza njia ya kwenda sokoni. Yule bibi alikuwa na kabati zima. Kila Ijumaa Shangazi alikuwa anavitoa kimoja kimoja, na glavu za pamba, kwa sababu mafuta ya vidole yanafifisha kioo, anavipangusa, anavirudisha kwa mpangilio ule ule. Miaka 11. Hesabuni Ijumaa zenyewe. Bibi alipofariki, Shangazi alikuwa anadai malipo ya likizo ambazo hakuwahi kwenda. Watoto wa marehemu wakasema watapiga hesabu. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Siku anaondoka wakamletea sanduku na cheti ndani yake. Wakamkumbatia. Wakasema mama angefurahi. Wakasema kina thamani kubwa, ni toleo la mwaka mmoja tu.

Nikamwuliza, "Na zile fedha za likizo, Shangazi?"

"Ndo hizo hapo, zimesimama," akasema, akacheka.

Sijawahi kusikia kichekesho cha commedia kilichokamilika namna hiyo. Mtumishi amelipwa mtumishi! Martinelli angekufa kwa wivu.

Sasa Mama Hesabu, msomi wetu, akasema Shangazi asikiuze, akitunze, hivi vitu vinapanda bei, havitengenezwi tena. Nikasimama. Nilisimama kweli, soda mkononi. Nikasema: wewe unasoma uhasibu wa wapi? Kitu kinakuwa adimu kwa sababu kingi kimepotea. Stempu ya zamani ni adimu kwa kuwa watu walibandika barua wakatupa bahasha. Hivi vya chama, kila aliyenunua alinunua ili kutunza. Ametunza na sanduku, ametunza na cheti, ameweka glavu za pamba. Hakuna aliyemtupa Harlequin wa 2001 jalalani. Wote wapo kwenye makabati yao wanasubiri siku moja ile ile ya kuuza, na walionunua wakiwa watu wazima sasa wanazeeka pamoja, na watoto wao, kama tulivyoona, wanavitumia kulipia likizo za wafanyakazi. Neno "toleo la mwaka" ni kamba ambayo kiwanda kimekufunga nayo, wala hakijakudanganya, umeifunga mwenyewe ukalipa na ada. Nikasema: Shangazi, muuze! Muuze kesho! Tafuta mtandaoni mtu wa huko huko anayekosa huyu mmoja kutimiza watatu wake, mpe bei, na fedha yake ukafanyie goti. Arlecchino mwenyewe ndivyo angefanya. Angejiuza mara mbili, kwa wanunuzi wawili tofauti, akala ya wote.

Nilidhani nimeshinda. Niliona kabisa ukumbi unapiga makofi.

Shangazi akafungua kabati. Hakuvaa glavu. Akamshika kwa vidole vyake vyenye mafuta ya vitumbua, akaenda naye mpaka dirishani ambako jua la jioni lilikuwa linaingia, akamgeuza kidogo. Ukuta wote wa sebule ukajaa vipande vya rangi, juu ya kalenda, juu ya friji, juu ya uso wa Mama Hesabu. Mtoto wa jirani aliyekuwa mlangoni akapiga kelele akaanza kuvikimbiza ukutani.

"Wewe unasema ana njaa," Shangazi akaniambia. "Sawa, umesoma. Mi kule nilikuwa naongea naye. Nyumba nzima hakuna anayejua Kiswahili, bibi mwenyewe mwishoni hata Kijerumani kilimpotea. Ijumaa namtoa huyu, namwambia, haya baba, umeamkaje. Namsimulia mambo ya huku. Wale wanyama sikuwa naongea nao. Huyu nilimwona ni mtu wa kazi kama mimi, anavyosimama tu. Hakuna aliyeniambia."

Nikakaa chini. Sikusema kitu. Wadau, mimi nimesoma vitabu, nimeandika insha, nimesema hapo juu kwamba ukimwangalia mtu wa kioo huoni amefanya nini, na sijaifuta hiyo sentensi, bado naiamini. Lakini yeye alimtambua bila semista. Kama alimtambua kwa sababu ya yule mkata kioo au licha ya yule mkata kioo, hapo ndipo mimi na Mama Hesabu tumebishana kwenye daladala kutoka Tabata mpaka Mlimani, mpaka kondakta akatuambia tushuke tukamalizie chini.

Hao watoto wa yule bibi siwasamehe lakini. Hilo halina mjadala. Nimemwambia Shangazi kuna sheria hata kule, na kuna watu wa vyama vya wafanyakazi wanaoweza kuandikiwa barua, na Mama Hesabu, hapa nampa haki yake, ametoa kikokotoo akaanza kuhesabu siku za likizo za miaka 11 pale pale mezani. Karatasi imejaa mbele na nyuma. Shangazi alikuwa anatuangalia tu, akatufukuza kwenye meza: "Ondoeni makaratasi, wali unapoa."

Kisanamu kimerudi kabatini, na alama za vidole.

Haya, mimi kazi yangu ya vitendo muhula ujao nimeshaichagua: mfanyakazi mmoja, mabosi wawili, Kiswahili mwanzo mwisho, hamna kumelemeta. Natafuta mabaki ya ngozi nyeusi, nene kidogo, ya kufinyanga kinyago cha nusu uso. Mwenye kumjua fundi viatu wa pale Mwenge au Sinza anayeuza kwa bei ya mwanafunzi aniachie ujumbe hapo chini. Nzi ninao wa kutosha, hall yetu inatoa bure.